Kutoka Ukuta wa Ndani hadi Mwamba wa Nje: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Chuo

Kila ukuta wa mazoezi wa ndani una mtu aliyekutangulia. Alizikaza bolti, akatundika kamba, akaikagua, akatandika magodoro. Wewe unafika, unavaa viatu, unapanda. Kwenye mwamba wa kweli mtu huyo hayupo, na kazi yake yote imewaangukia wewe na mwenzako. Kujifunza kupanda nje ni kujifunza kazi hiyo. Nguvu za vidole huja zenyewe ukizidi kupanda, lakini jicho la kukagua lisipofundishwa haliji.

Nawaandikia wanafunzi wa vyuo kwa sababu umri huo una hatari yake. Mwili una nguvu, marafiki wapo, mwisho wa wiki uko wazi, na mtu aliyezoea njia ngumu za ndani kwa muhula mmoja hujiona tayari kwa lolote. Papo hapo, chuo ni mahali pazuri sana pa kuanzia: wenzako wa kupanda nao wako jirani, mara nyingi kuna klabu, na vifaa ghali vinaweza kununuliwa kwa kuchangiana.

Hatua ya 1: Chagua pa kuanzia

Boulda ni kupanda mawe mafupi bila kamba, kwa kawaida yasiyozidi mita 4 au 5, huku chini pametandikwa godoro la kuangukia. Msitu wa Fontainebleau, kusini mwa Paris, ndio kitovu chake cha zamani. Vifaa ni vichache: viatu, chaki, godoro. Tatizo ni kwamba kila anguko la boulda huishia ardhini, kwa hiyo vifundo vya miguu na mikono huumia mara kwa mara, hasa kama hakuna mwenzako wa kukuelekeza uangukie godoroni.

Kwenye kamba ya juu, kamba imekwisha kupitishwa kwenye nanga, yaani mahali imara pa kuishikia, iliyo kileleni mwa njia kabla hujaanza, na ukiteleza unashuka kidogo tu. Kwenye kutangulia, kamba inatoka chini nawe, nawe unaichomeka kwenye bolti moja baada ya nyingine. Ukiwa mita 2 juu ya bolti ya mwisho, utaanguka mita 4 na ziada, kwa kuwa kamba hunyumbuka. Kuna pia kutangulia kwa kabari na vifaa vinavyochomekwa kwenye nyufa kisha kutolewa. Hiyo ni sanaa nzuri sana, lakini iache kwa sasa.

Ushauri wangu ni kamba ya juu kwa msimu mzima, na boulda fupifupi katikati ya wiki kama kuna mawe karibu. Usione haya kukaa kwenye kamba ya juu muda mrefu kuliko wenzako.

Hatua ya 2: Tafuta mtu wa kukufundisha, kisha umpime

Hapa ndipo maamuzi mengi mabaya hufanyika. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayepanda vizuri, mcheshi, mwenye kamba yake, anasema "twendeni Jumamosi," na watu sita wanaingia garini. Huenda anajua anachofanya. Huenda pia alifundishwa mwaka jana na mtu aliyefundishwa mwaka juzi, na kosa moja limekuwa likirithishwa katika klabu nzima bila mtu kuligundua.

Mpime kwa maswali. Mwombe akueleze kwa nini amejenga nanga yake hivyo, na nini kitatokea kipande kimoja kikikatika. Anayejua atakueleza kwa maneno mepesi, na mara nyingi atafurahi kuulizwa. Anayejibu "niamini tu" usimfuate. Angalia pia kama anakubali kukaguliwa na mgeni kama wewe: mpandaji mzuri hukunyooshea fundo lake ulitazame kila mara, hata awe amepanda miaka 20. Na angalia anavyotembea karibu na ukingo wa jabali. Kama anazurura pale juu bila kujifunga, usimkabidhi maisha yako.

Kuuliza si ujinga, na kukataa kupanda siku fulani si woga. Mwanafunzi mpya ana haki kamili ya kusema "leo natazama tu."

Mkiweza, changeni fedha watu watatu au wanne mkodi mwalimu mwenye cheti kinachotambuliwa na shirikisho la upandaji la nchi mliyopo, hata kwa siku moja. Siku hiyo mwambieni hamtaki kupandishwa njia nyingi. Mnataka kufundishwa mafundo, kushika kamba (yaani kumlinda mwenzako anayepanda kwa kuidhibiti kamba yake), nanga na kushuka. Kwa mtazamo wangu, fedha hiyo ni bora kuliko viatu vya gharama.

Hatua ya 3: Vifaa, kwa mpangilio wa kununua

Anza na viatu. Vibane vidole bila kuviumiza. Viatu vilivyopinda sana vya wapandaji wa hali ya juu vitakuchosha bure. Kisha kofia ngumu, hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungwa kamba), kifaa cha kushikia kamba, na karabina (pete ya chuma au alumini yenye mlango) yenye kufuli. Kofia ni ya wote wawili: mawe humwangukia zaidi mshika kamba aliye chini kuliko anayepanda. Vifaa hivi ni vya mtu binafsi na vinadumu.

Kamba na kwikidro, yaani karabina mbili zilizounganishwa kwa utepe mfupi, vinaweza kusubiri hadi mtakapochangiana. Mtakaponunua kamba, iwe ya kunyumbuka, unene wa milimita 9.5 hadi 10, urefu wa mita 60 au 70 kulingana na njia za mahali mnapopanda. Kamba tuli inayotumika kwenye uokoaji haifai kwa kutangulia, kwa sababu hainyumbuki na mshtuko wote wa anguko unaingia mwilini na kwenye nanga.

Tafuta alama ya UIAA, shirikisho la kimataifa la upandaji lililoanzishwa mwaka 1932, au alama ya Ulaya ya CE pamoja na namba ya kiwango, kama EN 892 kwa kamba za kunyumbuka. Kamba moja kamili hupimwa kwa kuangusha uzito wa kilo 80 tena na tena, na ni lazima istahimili maanguko yasiyopungua 5 makali kuliko utakayoyapata kwa kawaida. Karabina huandikwa nguvu zake ubavuni: ya kawaida hubeba angalau kilonyutoni 20 ikivutwa kwa urefu, lakini 7 tu ikivutwa kwa upana au mlango ukiwa wazi. Tofauti hiyo ndiyo sababu tunasumbuka kuhakikisha karabina imekaa sawa na imefungwa.

Usinunue kamba, hanesi wala tepe zilizokwisha kutumiwa na mtu usiyemjua. Nailoni huharibiwa na jua, kemikali na maji ya betri bila kuonyesha dalili. Vifaa vya klabu vikague kabla ya kuazima: uliza vimenunuliwa lini na nani huweka daftari la kumbukumbu. Kama hakuna daftari, anzisheni.

Hatua ya 4: Mafundo na kushika kamba, mkiwa bado chini

Mambo haya yote jifunzeni bwenini au kwenye ukuta wa ndani, kabla ya siku ya mwamba.

Fundo la kujifungia ni fundo la nane lililorudishwa. Funga nane moja kwenye kamba, pitisha ncha katika vitanzi viwili vya hanesi, vile vilevile vinavyoshikwa na kitanzi cha kushikia kamba, kisha irudishe ncha ikifuata njia yake ya kwanza mpaka mwisho. Mistari iwe sambamba, fundo likazwe, na mkia ubaki wa shibiri moja hivi. Lifunge hadi uweze kulifunga gizani, na hata hapo liangalie kwa macho.

Mwaka 1989, huko Buoux, Ufaransa, Lynn Hill wa Marekani, mmoja wa wapandaji bora duniani wakati ule, alianza kulifunga fundo lake, akakatishwa na shughuli nyingine, akapanda njia ya kujipashia misuli. Alipofika juu akaegemea kamba ili ashushwe, na kamba ikachomoka. Alianguka zaidi ya mita 20. Mti ndio uliomwokoa. Mwaka 1993 akawa mtu wa kwanza kupanda njia ya The Nose kwenye El Capitan, jabali kubwa la Yosemite, Marekani, kwa mikono na miguu tu, kamba ikiwa ya kumkinga. Ujuzi wake haukuwahi kuwa na kasoro. Kilichokosekana siku ile ya Buoux ni jicho la pili.

Kwa hiyo, kabla ya kila upandaji, hata ule wa kumi siku hiyo, kaguaneni kwa macho na kwa mikono. Buckle za hanesi zote mbili zimefungwa. Fundo limepita pale linapotakiwa na limekamilika. Kamba imeingia katika kifaa kwa upande sahihi. Ivute uone inashika. Karabina imefungwa kufuli, ibinye uone. Ncha ya pili ya kamba ina fundo la kuzuia. Aliyeanza kufunga fundo asisemeshwe mpaka amalize.

Katika kushika kamba sheria ni moja: mkono wa breki, ule unaoishika kamba chini ya kifaa, hauiachii kamba kamwe. Unateleza juu ya kamba, unabadilishana na mkono mwingine chini ya kifaa, lakini hauachii. Vifaa vinavyojisaidia kubana ni vizuri na ninavipendekeza, ila havifuti sheria hiyo. Simama karibu na ukuta, upande kidogo wa njia ili mwenzako asikuangukie, na uache gumzo na watu waliokaa nyuma yako. Kama mpandaji anakuzidi uzito sana, mwambieni mwalimu awaonyeshe namna ya kumfunga mshika kamba chini.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza kwenye mwamba

Chagueni mahali panapojulikana kwa wanaoanza, penye kitabu cha njia, na mfike mapema. Msizidi watu wanne kwa kila mmoja anayejua kujenga nanga. Mwachieni mtu aliyebaki chuoni jina la mahali na saa mtakayorudi. Bebeni kisanduku cha huduma ya kwanza, na mjue mtandao wa simu unapatikana wapi.

Tazameni hali ya hewa ya siku zilizopita pia, siyo ya leo tu. Jiwe la mchanga likilowa hupoteza nguvu zake nyingi, hata kama uso wake unaonekana mkavu. Ukilipandia siku moja baada ya mvua mshiko unaweza kukumegukia mkononi, na njia ikaharibika kwa watu wote. Subirini siku mbili au tatu. Granite na chokaa ngumu havina shida hiyo, ila huteleza.

Madaraja ya ugumu yatakuchanganya mwanzoni. Marekani hutumia mfumo wa Yosemite unaoanza 5.0 na kupanda hadi 5.15, Ufaransa na sehemu kubwa ya dunia hutumia namba na herufi, kama 5c, 6a, 6b. Vyovyote iwavyo, anza ngazi kadhaa chini ya kile unachokiweza ndani. Nje hakuna rangi za kukuonyesha pa kushika, na utatumia nusu ya nguvu zako kutafuta tu.

Kabla ya kukabidhi uzito wako kwa mshiko, ugonge kwa kiganja. Jiwe zima hulia kavu. Lililolegea hulia kama debe tupu. Likikuponyoka, piga kelele "Jiwe!" papo hapo, na walio chini wasitazame juu, wajibane ukutani.

Kubalianeni maneno machache na myaseme pamoja na jina, kwa sababu mwambani mnaweza kuwa makundi matano yanayoitana. "Uko tayari?" na "Panda." "Kaza" kwa kuvuta kamba, "legeza" kwa kuiachia kidogo, "nishushe" kwa kuteremka. Usitumie maneno mawili yanayofanana sauti.

Kuhusu mbinu nitasema machache, kwa kuwa hili hujifunzwa kwa kupanda. Tazama miguu yako mpaka itue. Wanaoanza huiondolea macho mapema. Kanyaga kwa ncha ya kidole gumba. Nyoosha mikono unapopumzika ili mifupa ibebe uzito badala ya misuli, na sogeza nyonga karibu na ukuta.

Hatua ya 6: Elewa nanga kabla ya kuijenga

Kwa miezi ya mwanzo hujengi nanga ya kupandiwa na watu. Unaitazama, unaiuliza, unaijenga chini ardhini kwenye miti miwili na kumwonyesha mwalimu. Unachotafuta ni hiki: sehemu mbili au zaidi za kushikia zilizo imara, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba peke yake, mzigo ukigawanyika sawa, na moja ikikatika nyingine isishtuliwe kwa kamba kushuka ghafla.

Pembe kati ya miguu ya nanga, yaani tepe zinazotoka kwenye bolti, ina maana kubwa. Miguu miwili ikiwa karibu sambamba, kila bolti hubeba nusu ya mzigo. Pembe ikiwa nyuzi 60, kila moja hubeba takriban asilimia 58. Kwa nyuzi 90 ni asilimia 71, na kwa nyuzi 120 kila bolti hubeba mzigo wote mzima, kana kwamba nyingine haipo. Ndiyo maana tunarefusha tepe ili pembe ibaki chini ya nyuzi 60.

Kamba inayotembea isipitishwe moja kwa moja ndani ya utepe. Nailoni ikisuguana na nailoni hupata joto, huyeyuka na kukatika ndani ya muda mfupi sana. Kamba ipite kwenye karabina za chuma au alumini, mbili zikiangaliana milango kinyume. Na kundi zima linapopanda njia moja, tumieni karabina zenu badala ya pete zilizochomekwa ukutani, ili pete zisilike kwa msuguano wa wanaojifunza. Wa mwisho peke yake ndiye ashushwe kwa pete.

Mnapokwenda kufunga nanga kwa kupitia juu ya jabali, jifungeni kabla ya kuukaribia ukingo. Hapo hakuna anayepanda, kila mtu ametulia, na ndiyo sababu watu huanguka.

Hatua ya 7: Kutangulia, na kushuka

Ukiwa unashika kamba bila kufikiri, unakagua bila kukumbushwa, na umefanya mazoezi ya kutangulia ndani, tafuta njia fupi ya bolti zilizokaribiana, rahisi mno kwako, na ya wima badala ya mlalo, kwani kwenye mlalo ukianguka unagonga sehemu za mwamba zilizojitokeza. Bolti ya kwanza na ya pili ndizo za hatari: hapo anguko linaweza kufika ardhini. Hakikisha kamba inatoka ukutani kuja kwako kupitia karabina, wala haingii kinyume, na mguu wako usikae kati ya kamba na mwamba, la sivyo utapinduka kichwa chini.

Ajali nyingi za njia za bolti hutokea baada ya kupanda, wakati wa kushuka. Kabla hujaondoka ardhini, mwambie mwenzako waziwazi: "Nikifika juu utanishusha kwa kamba," au "Nitashuka mwenyewe, nitakuambia nikishajifunga." Watu wamekufa kwa sababu mshika kamba aliitoa kamba kwenye kifaa akidhani mwenzake anashuka mwenyewe, naye juu akaegemea akidhani ameshikwa. Ukiwa nangani na una mashaka, usiegemee mpaka uone kamba imekazwa na uzito wako umebebwa.

Fundo la mwisho wa kamba linahitaji msisitizo wake. Brad Gobright, Mmarekani aliyewahi kushikilia rekodi ya kasi ya The Nose mwaka 2017, alifariki Novemba 2019 huko El Potrero Chico, Mexico, wakati yeye na mwenzake wakishuka kwa pamoja, kila mmoja kwenye upande wake wa kamba moja. Upande wake ulikuwa mfupi na ncha haikuwa na fundo. Funga fundo kila ncha, kila mara. Ukishuka mwenyewe, ongeza fundo la Prusik (kitanzi cha kamba nyembamba kinachoibana kamba kikivutwa) chini ya kifaa, likushike hata mkono ukiteleza.

Mwili na ratiba ya masomo

Misuli huimarika kwa wiki. Kano za vidole huchukua miezi mingi. Pengo hilo ndilo linalowaumiza wanafunzi walio na hamu. Kwa mwaka wa kwanza achana na mbao za kuning'inia kwa vidole, usibane mishiko midogo kwa vidole vilivyokunjwa kabisa, na uache siku mbili kati ya vipindi vizito. Kidole kikitoa mlio na maumivu yakakaa upande wa kiganja, acha hapo hapo na umwone daktari. Wiki ya mitihani, punguza: mwenye usingizi hakagui vizuri fundo lake, wala la mwenzake.

Adabu za mwambani

Baadhi ya majabali hufungwa msimu wa ndege wawindaji kutaga, mfano kozi. Ziheshimuni hizo tarehe. Safisheni alama za chaki kwa brashi laini, msiweke muziki wa sauti kubwa, mchukue taka zenu na za wengine, na msitumie kamba moja kukalia njia maarufu mchana kutwa. Ruhusa ya kupanda mahali pengi hutegemea mwenye ardhi, na kundi moja la wanafunzi wenye fujo linaweza kuifuta kwa kila mtu.

Baada ya kurudi

Ipitisheni kamba yote mkononi, mkitafuta sehemu laini isiyo ya kawaida, ngumu, iliyobonyea au iliyochanika ganda. Ioshwe kwa maji ya vuguvugu ikiwa na mchanga, ikaushwe kivulini, ihifadhiwe mbali na buti ya gari lenye betri au mafuta. Andikeni daftarini: tarehe, mahali, maanguko makubwa. Kamba iliyochoka msiiache kabatini. Ikateni vipande vifupi siku hiyo hiyo, ili mwanachama mpya asije akaiokota muhula ujao akaipandia.